Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Nje: Tuelezwe sababu za kura yetu

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Bunazi, mkoani Kagera. Jeshi la Idi Amin lilipoingia huku mwishoni mwa Oktoba 1978, nilikuwa na miaka saba. Tulivuka mto usiku, mama amembeba mdogo wangu mgongoni, na siku chache baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa. Amin akatangaza kuwa ardhi yetu ni ya Uganda.

Wapo viongozi wa Afrika waliotaka tusuluhishwe tu, kana kwamba tulikuwa majirani wanaogombea mpaka wa shamba. Mwalimu Nyerere alikataa. Alitaka kwanza uvamizi ulaaniwe, maana kumweka mvamizi na mvamiwa kwenye mizani moja ni kumsaidia mvamizi.

Tarehe 2 Machi 2022, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitaka Urusi iondoe majeshi yake Ukraine. Nchi 141 ziliunga mkono, 5 zikapinga, 35 zikajizuia. Sisi Watanzania tulikuwa kati ya hizo 35, pamoja na Uganda na Burundi. Kenya, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ziliunga mkono.

Siidharau hoja ya kutofungamana na upande wowote. Najua wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walipata silaha kutoka Moscow, na najua ni nani walioivamia Iraki mwaka 2003. Hasira hiyo ninayo hata mimi. Lakini mtoto wa Kharkiv, huko Ukraine, aliyekimbizwa usiku hakuivamia Iraki.

Tena, kutofungamana kwetu kwa zamani kulikuwa na sauti. Desemba 1965 tulivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), ambako walowezi wachache walijitangazia uhuru, tukakosa mkopo wa pauni milioni 7.5. Aprili 1968 tukaitambua Biafra iliyojitenga na Nigeria, ilhali sehemu kubwa ya Afrika ilisimama na Nigeria, na Serikali ikatoa maelezo yake hadharani. Labda tulikosea, wazee wa hapa bado wanabishana. Wanabishana kwa kuwa sababu walipewa.

Ombi langu ni hili. Kila tunapopiga kura kuhusu vita, iwe Ukraine, Gaza, Sudan au Goma hapo jirani, uje Bungeni utueleze kwa Kiswahili: nani kavamia, raia gani wanaumia, na kwa nini tumeamua hivyo. Na kipimo kiwe kimoja, awe rafiki au asiwe rafiki.

Mama bado yupo. Siku ile ya kura aliniuliza kwa nini sisi, watu wa Kagera, tumenyamaza. Sikuwa na la kumjibu.

Wako,
Mwananchi wa Bunazi, Missenyi