Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kuunda majahazi madogo ya mfano, assalaam alaykum.

Hesabu za fedha mtasomewa na mweka hazina, na za ukumbi zimo katika karatasi mlizogawiwa. Mimi nitasema habari za kamba, maana ndizo zilizokula mwaka wetu.

Mkutano uliopita ulikata shauri kwamba jahazi dogo litakaloingia kwenye mashindano yetu lazima tanga lake litwekwe na kutuliwa, yaani lipandishwe na kushushwa, kweli. Kamba zilizogandishwa kwa gundi hazitapata alama. Wako walionung'unika kwamba mtalii anayenunua haangalii fundo. Ni kweli, haangalii. Lakini mpe baharia mstaafu chombo hicho akishike: kwanza atavuta demani, kamba ya kuongozea tanga. Isipokwenda, anakirudisha mezani bila neno.

Wenzetu wa Ulaya wanaounda mifano ya meli kama Cutty Sark, iliyojengwa Scotland mwaka 1869 na sasa iko Greenwich, London, wana milingoti mitatu na ngazi za kamba ambazo kila makutano yake yanafungwa fundo lile lile, mamia kwa mamia. Kazi ya subira ile, nawavulia kofia. Sisi kamba zetu ni chache, ila karibu zote zinahama. Kamba zinazoshikilia mlingoti wa jahazi hukazwa upande wa joshini, unakotoka upepo, na za upande wa pili hulegezwa. Nahodha akikisi tanga, yaani akiligeuza upande wa pili, foromali, ule mti unaobeba tanga, inapitishwa mbele ya mlingoti, demani inazungushwa, na kamba zile zinabadilishana kazi. Kwa hiyo fundo la jahazi lina masharti mawili: lishike upepo ukivuma, na lifunguke mkono ukilitaka. Fundo lililojikaza hata likatwe kwa kisu halifai, liwe la chombo kikubwa au cha kuweka kabatini.

Wazee wetu mabaharia walifundisha barazani kwa kamba nene kama kidole gumba, na walifanya vyema kutunyima uzi mwanzoni. Kitanzi kisichojikaza kilitusumbua kuliko vyote. Unafanya kijicho, yaani kitundu kidogo cha kamba, ncha inapanda ndani yake, inazunguka nyuma ya kamba ndefu, kisha inarudi kwenye kijicho kile kile. Ukikosea upande wa kuzungukia, unapata kitu kinachofanana nacho lakini hakitabiriki. Fundo la mizunguko miwili inayobanana juu ya mti lilikuwa jepesi, mpaka tulipolifunga kwenye foromali iliyopigwa vanishi. Liliteleza. Sasa tunaongeza nusu fundo kando yake.

Tulipohamia kwenye uzi, nailoni ilitutoa jasho. Inateleza na ina ukaidi wa kujinyoosha, hivyo fundo ulilolifunga jioni asubuhi limelegea. Uzi wa pamba au wa kitani uliopakwa nta ya nyuki unatulia, na manyoya yake yanalala. Tena tupime: kamba ya milimita 24 katika jahazi la kipimo cha 1:20 ni uzi wa milimita 1.2, na katika 1:40 ni milimita 0.6. Kutumia uzi mmoja kwa henza (kamba ya kutwekea tanga), demani na kamba ya nanga ni uvivu, na waamuzi wanauona. Wanaosokota kamba zao wenyewe wazingatie kwamba nyuzi zikisokotwa kulia, kuziunganisha ni kushoto, la sivyo kamba inajifumua mara tu ukiiachia.

Kikundi cha mtepe bado kiko nyuma, na sikilaumu. Chombo kile hakikuwa na misumari, mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi na tanga lilikuwa la mkeka. Kushona mbao nyembamba kwa usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, uliochambuliwa hadi kuwa uzi ni kukatikiwa kila mara. Kuulowesha kwanza kumesaidia kiasi.

Yako maombi mawili mbele yenu. Moja ni chama kinunue pamba na nta kwa pamoja, gharama iingie kwenye ada. La pili ni mwamuzi aruhusiwe kufungua fundo moja la demani, na mwenye chombo alifunge upya mbele ya watu. Kamati imegawanyika juu ya hili la pili. Kura yangu ni ndiyo. Katibu atagawa karatasi baada ya chai.