Barua kwa Zuhura: Chamazi iko jirani yako

Pasua, Moshi
8 Desemba 2023

Kwako Zuhura,

Salamu nyingi. Mama hajambo, anakuulizia. Vuli imetuganda, uwanja wote ni tope.

Nimekaa kimya tangu msiba wa babu yake Elly, nisamehe. Leo nimeshindwa. Twiga Stars, wasichana wetu wa timu ya taifa, wamefuzu! Mara ya mwisho tulikwenda fainali za Afrika za wanawake mwaka 2010, kule Afrika Kusini, mimi na wewe bado tuko kwenye sketi za shule. Miaka 13, ndugu yangu.

Siku ya marudiano kule Lomé, Togo, sikupika. Tulishawafunga Togo 3-0 hapo uwanja wa Chamazi, Dar, nikajiambia kazi imekwisha. Wakapata la kwanza. La pili lilipoingia nikatoka uani na simu yangu, maana la tatu lingetupeleka kwenye matuta, zile penalti za mwisho, na matuta tulishayapitia Septemba na Ivory Coast, roho yangu haikuwa na nguvu ya kuyarudia. Ikaisha 2-0. Tumevuka kwa jumla ya mabao 3-2. Bao moja, Zuhura!

Mazoezini Aneth akaniuliza, "Mwalimu, tumefungwa, sasa tumefuzuje?" Nikachukua kijiti nikamchorea kwenye tope. Kwa wanawake, kufuzu hakuna makundi. Unapangiwa mpinzani mmoja, mechi mbili, nyumbani na ugenini, mabao yanajumlishwa, aliyezidiwa safari yake imeishia hapo. Raundi mbili za namna hiyo, kisha washindi 11 wanaungana na mwenyeji Morocco. Taifa Stars, kaka zao, walikuwa na mechi sita kwenye kundi lao. Walipoteza nyumbani kwa Algeria, wakapoteza nyumbani kwa Uganda, na bado walikuwa na siku ya kusahihisha, wakaenda kuchukua sare huko huko Algeria wakafuzu. Dada zetu siku hiyo hawana. Ivory Coast walitufunga 2-0 kwao. Tungecheza vibaya dakika 90 tu kwenye marudiano, tungekuwa tunasubiri droo nyingine sasa hivi. Wakawarudishia 2-0 ile ile, wakashinda matuta 4-2. Nikikumbuka natetemeka.

Sasa hesabu mwenyewe: ugenini tumefungwa mara zote mbili, na hatukupata hata bao. Kila kitu tumekipata Chamazi. Na wewe uko Mbagala, na hukwenda! Siku ya Ivory Coast ulikuwa na wageni, siku ya Togo ukasema foleni. Mimi kutoka Moshi ni siku nzima kwenye basi. Simba na Yanga wakicheza unaacha chungu jikoni. Umeniumiza, nakwambia kweli, kwa sababu mechi ya nyumbani kwa hawa wasichana ndiyo yote waliyo nayo, na majukwaa yanahitaji watu.

Nina ombi. Februari Afrika Kusini, mabingwa wa Afrika, wanakuja kucheza na Twiga kutafuta nafasi ya Olimpiki ya Paris, na huko nako ni mechi mbili vilevile. Nataka kuja na wasichana sita. Wanafanya mazoezi kwa mpira mmoja uliochanika ukatiwa kiraka, na Aneth hajawahi kuona kwa macho yake mwanamke amevaa jezi ya taifa. Nauli naichangisha, Mama Eliya ameahidi unga na maharage. Mikeka tutabeba wenyewe. Tunachokosa ni pa kulala, usiku mmoja, ikizidi sana miwili.

Sebule yako itatutosha? Baba Rehema hatasema kitu? Kutoka kwako hadi uwanjani ni daladala moja au mbili? Elly amepata kazi kweli, au ni maneno ya watu? Rehema naye si ameshakua, hapendi mpira? Na wewe utakwenda nasi? Hilo la mwisho ndilo nalisubiri zaidi. Nijibu upesi, watoto bado sijawaambia.

Ni mimi,
Haika