Barua ya malalamiko: nywila moja iliyoishia Kibaigwa

Idara ya TEHAMA,
Kizota, Dodoma.
24 Julai 2025

Meneja, Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MFUMO WA KUOANISHA NYWILA MLIOTUFUNGIA MWEZI MACHI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Hii ni barua yangu ya tatu kuhusu mfumo huo, ambao kazi yake ni kuhakikisha nywila moja ya mtu inafanya kazi kwenye Windows na kwenye Linux vilevile. Mbili za kwanza mlizijibu kwa sentensi ileile: "Tunashauri watumiaji wenu wawe makini na nywila zao." Watumiaji wetu wako makini. Wiki nzima nimekaa na seva hizi usiku na mchana, na sasa ninajua kwa nini zinawakataa.

Jumatatu ya tarehe 14 Julai, hata saa mbili asubuhi haijafika, dada yetu wa mizani kule Kibaigwa, tunakonunulia alizeti, alinipigia. "Kaka, paswedi imegoma tena." Ijumaa alikuwa ameibadilisha kwenye kompyuta yake ya Windows, kama mfumo wenu unavyomlazimisha kila baada ya siku 30. Windows ilimpokea vizuri. Mfumo wa stoo, ulioko kwenye seva ya Linux, ukamkataa. Akarudia, akarudia, mara ya tano akaunti ikajifunga. Nje wakulima walikuwa kwenye foleni na magunia ya alizeti, wengine wamelala palepale juu ya mizigo yao. Mnaoijua Kibaigwa wakati wa msimu mnajua kwamba mkulima hamngojei mtu, mizani iko kila upande wa barabara. Mpaka ninamfungulia akaunti, wawili walikuwa wameshapakia mzigo na kuvuka kwa mnunuzi mwingine.

Nikafungua kumbukumbu za mfumo wenu nione kulikoni. Ijumaa ile jina lake halimo kabisa, na mbele ya kila jina lililomo imeandikwa: "Imefanikiwa."

Mniwie radhi nikieleza jambo mnalolijua, lakini majibu yenu yananitia shaka. Seva haihifadhi nywila kama ilivyoandikwa, huisaga kwanza. Sisi tunakamua mafuta, kwa hiyo nitasema kwa lugha ya kiwandani: mashudu hayarudi kuwa alizeti. Windows ina kinu chake na Linux ina chake, tena Linux hutia chumvi, yaani herufi za kubahatisha, kabla ya kusaga, kiasi kwamba watu wawili wenye nywila ileile hutokea na unga tofauti. Huwezi kuchota unga wa Windows ukaumimina kwenye Linux ukatarajia ufanye kazi. Nywila inaweza kukamatwa wakati mmoja tu, pale mtu anapoandika nywila mpya, ikiwa bado ni mbegu. Kazi hiyo ya kukamata hufanywa na kipande cha programu yenu kinachokaa ndani ya seva ya domeni, ile inayotunza akaunti zetu za Windows. Na lazima kikae kwenye kila seva ya domeni, kwa sababu badiliko linaweza kupokelewa na yoyote kati yake, na zile nyingine zitaletewa nywila iliyokwisha kusagwa.

Sisi tunazo seva za domeni mbili. Moja iko hapa Kizota, nyingine iko Kibaigwa. Fundi wenu alishuka kwenye treni ya SGR saa nne asubuhi, akafunga kipande hicho Kizota, akaiwasha seva upya, akala kuku wa kuchoma, akaondoka na treni ya jioni. Kibaigwa hakukanyaga. Ni barabara ya Morogoro, lami tupu, na gari la ofisi lilikuwepo na dereva wake. Cheti cha kukamilisha kazi nilikisaini mimi bila kuuliza, na hilo ninalibeba. Lakini kwenye ankara yenu mmetutoza "seva za domeni: 2".

Kwa hiyo tangu Machi, mtu wa Kizota akibadilisha nywila inafika kila mahali, na mtu wa Kibaigwa akibadilisha inafia Kibaigwa. Miezi minne tumewagombeza watu wa mizani kwamba ni wasahaulifu. Mmoja alifikia hatua ya kuandika nywila yake kwa chaki ukutani, nyuma ya mlango wa stoo. Nilimfokea. Nimeshamwomba radhi.

Sasa hilo neno "Imefanikiwa". Nimelijaribu mwenyewe. Siku ya Jumamosi nilizima kwa makusudi seva ya Linux ya stoo, nikabadilisha nywila yangu hapa Kizota, ambako kipande chenu kipo. Kumbukumbu ikaandika "Imefanikiwa". Imefanikiwa wapi, wakati upande wa pili umezimwa? Programu yenu inatuma mara moja, haingoji jibu, haiweki foleni ya kurudia, kisha inajisifu. Ingeandika "Imeshindikana" ningeamka nikarekebisha kabla mkulima hajafika getini. Mfumo unaokwama naweza kuishi nao, huku umeme unakatika na mtandao unayumba, tumezoea. Mfumo unaosema uongo siwezi, kwa sababu unanifanya niwaadhibu watu wasio na kosa.

Kuna seva yetu ya zamani ya mishahara, na hii niwe mkweli, ni mzee wetu, tulistahili kuistaafisha siku nyingi. Ila mliikagua, mkaiweka kwenye orodha ya seva "zinazooana". Inatumia usagaji wa kale wa Unix, mfumo wa zamani ambao Linux iliuiga, unaosoma herufi 8 za mwanzo tu na kuzitupa zinazobaki. Chukueni mtu mwenye nywila Zabibu2024 (ni mfano, msianze kuijaribu). Akiibadilisha kuwa Zabibu2025, seva ile haioni tofauti yoyote. Yenyewe inaona Zabibu20, basi. Mhasibu ndiye aliyegundua, kwa kuingia na nywila ya mwaka jana kwa bahati mbaya. Mnatulazimisha tubadilishe kila siku 30, na penye mishahara yetu hakuna kilichobadilika. Hizo siku 30 zenyewe sijui mlizitoa wapi. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, tangu mwaka 2017 unasema watu wasilazimishwe kubadilisha nywila kwa kalenda, wabadilishe pale panapokuwa na dalili kwamba imevuja.

Mfanyakazi mmoja aliacha kazi mwezi Mei. Tukaifunga akaunti yake kwenye Windows siku hiyohiyo, tukaamini yamekwisha. Kumbe mfumo wenu unabeba nywila tu, haubebi habari kwamba akaunti imefungwa. Akaunti yake kwenye seva ya stoo ilibaki wazi mpaka wiki iliyopita. Hakuna kilichoibiwa, ni muungwana. Lakini "akaunti moja, mlango mmoja" ndiyo maneno yaliyokuwa kwenye kipeperushi chenu.

Lililonifanya niandike barua badala ya kupiga simu ni hili. Kwenye seva inayoendesha programu yenu kuna faili la kumbukumbu ambalo fundi aliliwasha wakati wa majaribio akalisahau. Ndani yake kuna kila nywila iliyobadilishwa Kizota tangu Machi, imeandikwa wazi, na jina la mwenyewe pembeni. Faili hilo mtu yeyote mwenye akaunti kwenye seva ile alikuwa anaweza kulisoma. Nimelitoa mtandaoni, nimeliweka kwenye kasha na mkurugenzi ana ufunguo. Sihitaji kuwasomea Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mwanasheria wetu atawasomea ikibidi.

Ninachotaka si kiraka. Hata Microsoft walikuwa na chombo chao cha kuoanisha nywila za Windows na Unix, wakakiondoa kuanzia Windows Server 2016. Seva za Linux zinaweza kuunganishwa na domeni moja kwa moja kwa Kerberos, teknolojia ya kumthibitisha mtumiaji kwa tiketi, iliyozaliwa chuo cha MIT cha Marekani miaka ya 1980 na ambayo Windows inaitumia tangu Windows 2000. Nywila inabaki kwenye domeni, haisambazwi, na akaunti ikifungwa pale haipati tena tiketi mpya ya kuingilia kwingine. Kerberos kwa kawaida inataka saa za seva zisipishane zaidi ya dakika 5, na hilo nitalisimamia mwenyewe.

Basi mafundi wenu, wawili, wafike kabla ya Nane Nane. Waondoe programu hiyo kwenye seva ya Kizota, waunganishe seva ya stoo na domeni kwa gharama yenu, na wakae mpaka dada wa mizani abadilishe nywila yake mbele yao na kuingia kwenye mfumo wa stoo. Seva ya mishahara niachieni mimi, ninaizika mwezi ujao. Ankara irekebishwe, seva ya domeni iliyofungwa ni 1. Na ninataka maandishi yenye saini kwamba hakuna nakala ya lile faili iliyobaki kwenye kompyuta ya fundi wenu.

Gari la ofisi litakuwa stesheni kuwapokea. Safari hii litaelekea Kibaigwa kwanza.

Wenu,

Msimamizi wa Mifumo
Nakala: Mkurugenzi Mtendaji, Mwanasheria wa Kampuni