Milksheki ya mnanaa huanzia kwenye sufuria

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Barua yako nimeipata, na nimeirudia mara kadhaa pale uliposema milksheki ya mnanaa na chokoleti uliyowatengenezea ilinukia dawa ya meno, na kwamba hata ulipozidisha chokoleti haikubadilika. Kwa kuwa Salma atakuja tena na wenzake Jumamosi, nakuandikia kwa kirefu ili safari hii wanywe kitu kinachostahili.

Kinachokusumbua, ndugu yangu, ni baridi. Mnanaa mkali una kitu kiitwacho mentholi. Kikigusa ulimi huviamsha vihisio vilevile ambavyo kwa kawaida huamshwa na baridi, na ubongo hupokea habari kwamba mdomo umepoa ilhali haujapoa. Pilipili nayo hufanya vivyo hivyo kwa upande wa pili: mdomo unahisi moto pasipo moto. Kihisio hicho cha baridi kinaitwa TRPM8. Kilitambuliwa mwaka 2002 na maabara mbili, ya David Julius na ya Ardem Patapoutian, kila moja ikifanya kazi kivyake, na mwaka 2021 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kugundua jinsi mwili unavyohisi joto, baridi na mguso.

Sasa chukua mentholi hiyo uitie kwenye kinywaji kilichokaribia kuganda. Baridi ya kinywaji inahisiwa kali kuliko ilivyo. Wakati huohuo utamu unafifia, kwa sababu ulimi huupokea vizuri zaidi chakula kikiwa na uvuguvugu. Ndiyo maana aiskrimu iliyoyeyuka huonekana tamu kupita kiasi, na ikiwa imeganda tunaila bila kulalamika. Kakao nayo, ambayo harufu yake inahitaji joto kidogo ili ipande puani, inanyamaza. Mnanaa unabaki peke yake, na kwa kuwa mafuta ya mnanaa ndiyo yanayotiwa kwenye dawa nyingi za meno, ubongo unakwenda moja kwa moja bafuni. Chokoleti uliyozidisha ikiwa baridi isingeweza kuokoa jambo.

Kwa hiyo ninachokuomba ni hiki: milksheki yako itengeneze kwenye sufuria, siku moja kabla. Blenda iachie kazi ya kuchanganya tu.

Kwa glasi mbili kubwa, chukua mililita 250 za maziwa yenye mafuta yake yote. Usitumie yaliyoondolewa mafuta, maana mentholi haipendi maji, hukaa kwenye mafuta, na maziwa mepesi yatakupa harufu nyingi puani na ladha haba mdomoni. Pasha mpaka uone mvuke na vipovu vidogo pembeni mwa sufuria, kisha zima moto kabla hayajachemka. Tia konzi moja ya majani ya mnanaa uliyoyaosha na kuyafikicha kidogo kwa viganja, halafu funika. Kufunika ni muhimu sana. Ile harufu nzuri utakayoisikia jikoni ukiacha wazi ni harufu iliyokwisha kutoka kwenye maziwa yako.

Acha dakika 20, onja, na kama bado ni hafifu ongeza dakika 10. Usiyaache majani humo mpaka asubuhi, yataleta uchungu na ladha ya nyasi. Chuja, uyabonyeze kidogo tu kwa mgongo wa kijiko. Ukiyakamua kwa nguvu utatoa ule ukijani mchungu ambao hakuna sukari itakayouficha.

Kuhusu mnanaa wenyewe, kuna aina mbili utakazokutana nazo zaidi. Ule wa kawaida, wenye majani ya kijani kibichi yaliyokunjamana, una mentholi kidogo mno. Harufu yake hutokana hasa na kitu kingine kiitwacho kavoni, nao ni mpole na mtamu. Ule mkali, peremende, ni chotara wa huo wa kawaida na mnanaa wa majini, na mara nyingi majani yake ni ya kijani kilichokolea na shina lake lina wekundu wa zambarau. Wengi husema milksheki haiwi milksheki bila peremende. Mimi kwa watoto natumia mpole, na kama nataka ubaridi kidogo naongeza majani machache tu ya ule mkali. Chokoleti inapata nafasi ya kusema.

Kama huna majani, arki ya chupa inafaa, lakini robo ya kijiko cha chai inatosha glasi zote mbili, na uitie maziwa yakiwa yamepoa. Angalia vizuri maandishi kwenye chupa. Mafuta halisi ya mnanaa si sawa na arki, ni makali mara nyingi zaidi, na ukiyapima kwa kijiko umeharibu kila kitu. Tone moja, basi, tena yawe yale yaliyoandikwa kuwa ni ya chakula.

Sasa kakao, na hapa ndipo ninapokusihi usiharakishe. Unga wa kakao ukimwagwa kwenye maziwa baridi huelea, hufanya madonge, na ladha yake hubaki imefungwa. Weka vijiko viwili vya chakula vya kakao isiyo na sukari kwenye bakuli pamoja na vijiko viwili vya sukari na chumvi kidogo sana, kiasi cha kushika kwa ncha za vidole. Mimina maziwa ya mnanaa yakiwa bado ya moto, kidogo kidogo, ukikoroga mpaka upate uji mzito laini. Kisha ongeza yaliyobaki, rudisha kwenye moto mdogo, koroga dakika moja au mbili. Utaona rangi inakolea na kung'aa, na harufu inabadilika kutoka ya vumbi kuwa ya chokoleti kweli. Chumvi usiiache. Inapunguza uchungu wa kakao na kuunyanyua utamu bila wewe kuongeza sukari.

Onja ikiwa vuguvugu. Iwe tamu kuliko unavyopenda, na kakao iwe nzito kuliko unavyopenda. Mnanaa uwe kinyume: usikike kwa mbali tu. Ukiona kila kitu kimelingana sawasawa kikiwa cha moto, ujue kwenye glasi mnanaa utatawala. Ipoze, funika, weka kwenye friji usiku kucha. Glasi nazo zitie kwenye friza.

Siku yenyewe kazi ni fupi. Tangulia na maziwa kwenye blenda ili visu vipate pa kuanzia, kisha gramu 400 za aiskrimu ya vanila, iliyotolewa kwenye friza dakika tano kabla. Nachagua vanila badala ya aiskrimu ya chokoleti, kwa kuwa chokoleti yako tayari imo kwenye maziwa na ina nguvu zaidi ya ile. Washa na kuzima kwa vipindi vifupi, jumla isizidi nusu dakika. Visu vinapozunguka vinatoa joto, na kila sekunde ya ziada inakugeuzia milksheki kuwa maziwa ya chokoleti. Nakwambia hivi kwa kuwa blenda ilibuniwa kwa ajili ya vinywaji vya jinsi hii hasa: Stephen Poplawski wa Wisconsin, Marekani, aliomba hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, mwaka 1922 kwa mashine yenye visu chini ya chombo, ya kuchanganyia vinywaji vya maziwa. Ni chombo kizuri, ila kinajua kusaga, hakijui kungoja.

Barafu usitie. Itayeyuka na kuwa maji, na maji yataichujua kakao uliyoihangaikia. Ukitaka uzito zaidi, gandisha sehemu ya yale maziwa ya kakao kwenye trei ya barafu, utumie hivyo vipande.

Umeniuliza pia kwa nini vipande vya chokoleti vilikuwa kama nta mdomoni. Siagi ya kakao huyeyuka karibu na nyuzi 34 za selisiasi, chini kidogo tu ya joto la mwili. Mdomo uliopozwa na aiskrimu haufiki huko, kwa hiyo kipande kinatafunwa na kumezwa kabla hakijatoa ladha yoyote. Yeyusha gramu 50 za chokoleti nyeusi pamoja na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya nazi, yasiyo na harufu ukiyapata. Mafuta hayo huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, nayo huilainisha chokoleti hata ikiwa baridi. Paka nyembamba sana kwenye karatasi ya kuokea, weka kwenye friza, ikiganda ivunjevunje uikoroge kwa kijiko kwenye milksheki iliyokwisha kuwa tayari. Blenda isiiguse, itaigeuza unga.

Rangi ya kijani ya chupa siitaki kabisa, na nakushauri uiache. Kwenye kakao haionekani ila inaleta weusi wa ajabu. Na kwa yule mtoto asiyetumia maziwa, maziwa ya nazi mazito yanashika mnanaa vizuri kwa sababu ya mafuta yake. Wengi hupendekeza ndizi zilizogandishwa badala ya aiskrimu; uzito zitakupa, lakini utakunywa ndizi.

Mimina kwenye glasi za baridi na wanywe hapohapo. Ikibaki, igandishe kwenye vikombe vidogo vyenye vijiti, kesho yake wataifurahia. Niandikie uniambie umetumia mnanaa gani, maana kama bustanini kwako umeota ule wenye shina la zambarau, basi nusu konzi itatosha.

Akupendaye,
Rehema