Idi, kabla hujalipia lile gitaa jekundu

Mdogo wangu Idi,

Salamu nyingi. Mpe Mama shikamoo yangu, na Baba pia, hata kama bado amenuna kwa habari ya kiwanja. Mimi sijambo. Kazi ipo, baridi ipo, tuishie hapo.

Ujumbe wako nimeupata na picha ya lile gitaa jekundu la umeme unalotaka kulinunua nimeiona. Nimeyaona pia aliyoyaandika Mjomba Seif kwenye kundi la familia, kwamba mtu akishavuka bahari mkono wake unakuwa mzito, na kwamba gitaa lisilotoka Marekani ni ubao tu. Nilinyamaza kwa heshima ya Mama. Lakini huku wanamuziki wenye majina yao wananiachia magitaa niyaseti, yaani niyarekebishe yapigike vizuri, usiku wa kuamkia onyesho, halafu nifundishwe gitaa na mtu ambaye kinanda tulichomtumia kimegeuka meza ya redio? Nakujibu wewe, na ukitaka msomee kwa sauti.

Unauliza uchukue la bei ya chini sasa hivi au usubiri tuongezee upate la bei ya kati. Lile jekundu usilinunue, la kati usilikimbilie. Tafuta lililo ngazi ya juu kabisa ya magitaa ya bei nafuu, na kinachobaki kiende kwenye amplifaya na kuliseti. Sababu nakupa zote, maana nakujua, ukiambiwa fanya bila kuelezwa kwa nini, hufanyi.

Siku hizi bodi na shingo huchongwa na mashine zinazoongozwa na kompyuta, ya bei ya chini na ya bei ya juu vilevile. Kwa hiyo umbo na vipimo, hata gitaa la kawaida halikosei sana. Kinachopunguzwa ili bei ishuke ni saa za mkono wa fundi: kusawazisha freti (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo) zilingane kimo, kulainisha ncha zake, kuchimba vijia vya nati (kile kipande karibu na kichwa kinachopitisha nyuzi) kwa kina kinachotakiwa, na kukagua kabla ya boksi kufungwa. Baada ya hapo ndipo wanapunguza kwenye vyuma na umeme.

Basi ligawe gitaa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni vitu vinavyobadilishwa mezani kwa bisibisi na chuma cha kulehemu: pikapu (sumaku na koili zinazonasa mlio wa nyuzi), vigingi vya kukazia nyuzi, swichi, vidhibiti vya volyumu na toni, tundu la waya, hata briji (daraja linaloshika nyuzi kwenye bodi). Fungu la pili ni shingo na freti zake. Shingo iliyojipinda kama parafujo hakuna nondo ya ndani itakayoinyoosha, kwa sababu nondo inarekebisha mkunjo wa mbele na nyuma tu. Kusawazisha freti zote ni kazi ya fundi mwenye vifaa, kuzing'oa na kuweka mpya ni kazi kubwa zaidi, na kwa gitaa la bei ya chini gharama hiyo inaweza kulifikia gitaa lenyewe. Lipia shingo. Pikapu utabadilisha siku yoyote ukiwa na hela.

Sasa majina ya kampuni. Fender wana jina lao la bei nafuu, Squier, ambalo magitaa yake yalianza kutoka mwaka 1982. Gibson wana Epiphone, kampuni waliyoinunua 1957. Ndani ya Squier kwenyewe kuna ngazi, na watu wengi hawalijui hilo wakaishia kusema Squier ni mbaya au Squier ni nzuri: Sonic iko chini, Affinity juu yake, Classic Vibe juu ya hizo. Sonic na Affinity zina pikapu za sumaku ya seramiki, Classic Vibe ina sumaku ya alniko na nati ya mfupa. Seramiki si kasoro, wapiga muziki mzito wengi wanaitaka, ila kwenye pikapu za koili moja za bei ya chini sauti huwa kali ya kuchoma masikio. Upande wa Yamaha kuna Pacifica 112V: bodi ya mbao ya alda, sumaku za alniko, hambaka moja (pikapu ya koili mbili) karibu na briji na pikapu mbili za koili moja, na kitufe cha toni ukikivuta ile hambaka inakatwa ibaki koili moja. Kwa mtu anayetaka gitaa moja lifanye kila kazi, kama wewe, mimi ningeanza hapo.

Ngazi ya kati upande wa Fender kuna Player, siku hizi Player II. Hiyo hutengenezwa Ensenada, Meksiko, si Marekani. Mwambie Mjomba taratibu, kwa sababu lile la rafiki yake analolisifu kila siku, kwa ile picha aliyoibandika, ni Player. Na ni gitaa zuri. Freti zimemaliziwa vizuri, vyuma vinavumilia, na ukiliuza baadaye halipotezi thamani haraka. Anayepanda jukwaani kila wiki atairudisha tofauti hiyo ya bei. Wewe unayejifunza kordi na kurekodi chumbani, sehemu kubwa ya tofauti hiyo hutaisikia, lakini amplifaya mbovu utaisikia kila siku.

Kuna njia moja ya kupata la kati kwa hela ya la chini: lililotumika. Ukilipata, angalia freti tatu za mwanzo chini ya nyuzi nyembamba. Ukiona mashimo yaliyochimbwa na nyuzi, kucha ikikwama humo, jua kuna kazi ya fundi inakusubiri, ipunguze kwenye bei au uondoke. Kama ni la aina ya Les Paul, ile ya Gibson, geuza ukague nyuma ya shingo, pale inapokutana na kichwa. Vichwa hivyo vimeinama nyuma, gitaa likianguka hapo ndipo panapovunjika. Ukiona mstari kwenye rangi, uliza.

Narudi kwenye lile jekundu. Nimeivuta picha. Uzi wa kwanza, ule mwembamba, kule freti za juu, unakaribia kutoka nje ya ubao wa shingo, na uzi wa sita, ule mnene, upande wake una nafasi pana. Maana yake shingo haikukaa sawa kwenye mfuko wake ndani ya bodi. Hilo peke yake si kubwa: unalegeza nyuzi, unalegeza kidogo zile skrubu nne za nyuma, unaisogeza shingo, unakaza. Lakini kiwanda kilichoacha hilo lipite, freti kiliziangalia? Halafu wanakupa "seti kamili", na amplifaya yake ni ya wati 10 yenye spika ya inchi 6. Mkoba, mkanda na waya ndivyo vinavyokufurahisha, nakuelewa, lakini hivyo ndivyo vitu rahisi kuliko vyote kwenye boksi.

Ukienda kushika gitaa lolote, fanya hivi kabla hata hujalichomeka. Pitisha kiganja pembeni mwa shingo kutoka juu hadi chini, pande zote mbili. Ncha za freti zikikukwaruza, mbao imekauka ikasinyaa na chuma kimebaki kilipo. Kuzipiga tupa kidogo inawezekana, ila zikiwa kali mno ni dalili ya mbao iliyoharakishwa kukaushwa. Kisha weka jicho kwenye kichwa utazame shingo kwa urefu: upinde mdogo kwenda mbele ni sawa, kujipinda upande mmoja si sawa, rudisha. Kisha piga kila freti kwenye kila uzi, moja moja, bila haraka na bila aibu, hata muuzaji akikukodolea macho. Nyuzi zikilia kwa kukwaruza kila mahali, huenda zimeshushwa mno, hilo linasetika. Sauti ikifa au kukwaruza kwenye freti moja tu, freti inayofuata imeinuka. Vuta nyuzi nyembamba juu kuanzia freti ya 12 hadi ya 17, sauti isikatike katikati.

Ukilichomeka, zungusha volyumu na toni. Mkwaruzo mdogo wa sauti ni vumbi, dawa ya kusafishia vifaa vya umeme inatosha. Tikisa waya kwenye tundu. Sauti ikipotea na kurudi, ni skrubu ya tundu iliyolegea au waya uliokatika, kazi ya dakika chache. Usilikatae gitaa lenye shingo nzuri kwa sababu hiyo, tumia kasoro hiyo kupunguziwa.

Mjomba aliandika kwamba gitaa linalovuma ni feki. Si kweli hata kidogo. Pikapu ya koili moja inanasa uvumo wa umeme wa nyumbani kwa maumbile yake, ya bei ghali sawa na ya bei rahisi. Ndiyo sababu Seth Lover wa Gibson alibuni hambaka na kuombea hataza mwaka 1955: koili mbili zilizopingana, uvumo wa moja unafuta wa nyingine. Uvumo ukipungua unapogusa nyuzi, waya wa ardhi ndani ya gitaa umeungwa, ni kawaida. Kama kugusa nyuzi hakubadilishi kitu lakini ukigusa chuma cha plagi uvumo unapungua, waya unaotoka kwenye briji umeachia, nao unalehemiwa. Na habari ya gitaa zito kuwa ndilo zuri, hiyo nayo aiache. Pikapu husoma mtikisiko wa uzi wa chuma ndani ya sumaku. Uzito wa bodi utausikia begani.

Ile sauti uliyonitumia, unapiga gitaa la kuazima na Mama anacheka nyuma yako, naisikiliza karakana ikishafungwa. Dada Zuhura anaimba chini chini, anadhani hasikiki. Narudia pale anapoanza. Ila Idi, uzi wako wa tatu unakuwa juu kila unaposhika kordi za freti za mwanzo, na ukipiga wazi uko sawa. Hilo si sikio lako. Nati iko juu, ukibonyeza unauvuta uzi kuliko inavyotakiwa. Jaribu: bonyeza uzi katikati ya freti ya 2 na ya 3, tazama juu ya freti ya 1. Nafasi iwe nyembamba ya karatasi. Ikiwa pana, vijia vya nati vinahitaji kuchimbwa. Na magitaa mengi ya bei nafuu yanayolaumiwa kwamba "hayakai kwenye tyuni" shida yake ni hapo hapo: uzi unakwama kwenye kijia, ukikaza unasikia unaruka "ting". Watu wanakimbilia kubadilisha vigingi. Saga risasi ya penseli kwenye kijia kwanza, funga nyuzi mpya, zivute kwa mkono na kutyuni tena mpaka zitulie. Kama lina tremolo (kile kimkono cha kutikisa briji) na huitumii, kaza skrubu za springi nyuma mpaka briji ilale kwenye bodi.

Kuliseti nenda kwa mpangilio huu, usiruke. Nyuzi mpya, za unene wa 9 hadi 42 (namba zilizo kwenye pakiti) kwa vidole vyako, tyuni kamili. Bonyeza freti ya 1 na ya mwisho kwa pamoja, pima nafasi karibu na freti ya 8: milimita 0.25 hivi, tumia fila, vile vipande vyembamba vya kupimia nafasi vya mafundi magari. Ikizidi, kaza nondo kwa mwelekeo wa saa, robo mzunguko, tyuni, pima tena. Ikigoma usiilazimishe. Kisha kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12: anza na milimita 2 uzi mnene, 1.5 uzi mwembamba. Kisha linganisha mlio wa kugusa tu juu ya freti ya 12 na mlio wa kubonyeza hapo hapo. Wa kubonyeza ukiwa juu, rudisha kitandiko cha uzi huo kwenye briji nyuma, ukiwa chini, kisogeze mbele. Mwisho pikapu: koili moja ikikaribia nyuzi mno, sumaku inazivuta na mlio unapinda ovyo. Bonyeza freti ya mwisho, acha milimita 2 na kidogo.

Hela naituma wiki ijayo, kwa Dada Zuhura, si kwa Mjomba, na sababu anaijua. Nendeni wawili. Kabla ya kulipa nipigie picha tatu: shingo kwa urefu kutokea kichwani, nati kwa karibu, na freti tatu za mwanzo. Namba ya utambulisho iliyo kichwani au nyuma ya shingo iandike. Muuzaji akikataa upige freti zote, rudini nyumbani. Na kama Mama ameshaanza kumlainisha Baba kuhusu kiwanja, mwambie mimi bado naisubiri ile hati.

Kaka yako,
Hamisi