Mama mkwe alimtoa binti yangu meno ya plastiki, sasa anakuja kumlea mdogo wake

Shikamoo anti,

Usingizi umegoma, baba watoto anakoroma kama hana habari. Usiniambie nisamehe, nimeshasamehe. Ila hakuniuliza.

Binti yangu ana miaka 11. Chonge za chini za utoto hazikuwahi kuota, tukajipa moyo za ukubwani zitakuja. Ya kulia haijaja, ya kushoto imetoka imepinda, ina mabaka ya kahawia. Akicheka anaziba mdomo kwa mkono. Daktari wa meno kapiga picha, akaniuliza, "Mama, huyu alitolewa meno ya plastiki?" Nilikosa la kujibu.

Alipokuwa mchanga, likizo ya uzazi ilikuwa imeisha, mtoto anaharisha, homa juu. Unajua wanavyosema, fizi zikivimba nyeupe pale pa chonge ni meno ya plastiki, yasipotolewa mtoto anakufa. Nimerudi kazini nakuta mdomo unavuja damu, titi hataki. Bibi yake kampeleka kwa mtu wake, kachokonolewa kwa spoku ya baiskeli. Mimi mama yake nipo, simu ninayo! Daktari anasema kile cheupe kilikuwa jino lake halali la utoto, muda wake tu haujafika, na chini yake ndipo ilipokuwa mbegu ya jino la ukubwani. Ndiyo iliyoumizwa.

Baba watoto anasema yameshapita, kwani mtoto si alipona? Alipona kuharisha, kungeisha tu. Mimi si mke wa kugombana na wakwe, muulize yeyote hapa mtaani. Unga na sukari namtumia kila mwisho wa mwezi. Sitaki aniombe radhi. Au aombe basi, mara moja, mbele ya mwanawe.

Binti ananiuliza kwa nini yeye tu. Namwambia yatakuja, na daktari kasema la kulia halipo.

Sasa kitinda mimba wangu ana miezi mitano, udenda unamtoka, anatafuna vidole, jana kaharisha. Dada wa kazi kaondoka, Jumatatu naingia kazini, na baba watoto kashamtumia mama yake nauli. Na yeye hakuniuliza! Nikikataa naonekana nina roho mbaya. Nikikubali, nitafanyaje kazi? Na kusema kweli sina mwingine, na huyo mama kulea anajua, watoto wanampenda. Nimwambieje, anti? Nimwambie mimi au mwanawe? Basi lake linaingia Jumapili jioni.