Ami, ni kweli nimenunua gari

Ami yangu, assalamu alaykum. Nakushika miguu.

Najua habari imeshakufikia, maana Bububu kwangu na Makunduchi kwako ni mbali kwa mwendo, ila kwa maneno ni jirani. Ni kweli. Nakuandikia hapa mbele za watu kwa sababu na kiapo cha kutonunua gari nilikila mbele za watu, barazani kwako, siku ya Mwaka Kogwa, sikukuu yenu ya mwaka mpya. Uliposema kisiwa chenye urefu wa kilomita 85 hakihitaji kila mtu awe na usukani wake, mimi ndiye niliyeitikia kwa sauti kuliko wote.

Miaka kumi na moja nimepanda 502, daladala ya Bububu na mjini, na siijutii. Nimepakata watoto wa watu, madumu ya mafuta ya nazi, na mara moja jogoo aliyefungwa miguu, mwenyewe kashuka Mtoni kamsahau. Kila tukibanana mle hukumbuka kwamba watu wa Bububu walikuwa na treni yao ya kwenda mjini tangu 1905, maili saba, sisi wajukuu ndio tunagombea benchi. Hili halihusu, lakini huniuma.

Kilichonigeuza ni goti la shemeji yako.

Masika yaliyopita mama alikuja mjini kliniki. Tulipomaliza ilikuwa saa tisa alasiri, mvua imeshika, nikasema namsindikiza mpaka nyumbani. Ile 310, daladala ya Makunduchi, iliyokuja ni ya zile za zamani, unapanda kwa nyuma umeinama, mabenchi yanatazamana. Mama akashika chuma, akainua mguu mzima, ule mbovu ukakataa kufuata. Akabaki hivyo, nusu ndani nusu nje, maji yanamchuruzika kwenye buibui, mimi namsukuma kwa nyuma kama gunia la karafuu, konda anamvuta mkono. Waliomo ndani wote walimwonea huruma, na nadhani hiyo huruma ndiyo iliyomuumiza kuliko goti. Hakutamka neno mpaka msitu wa Jozani, gari ilipopunguza mwendo kwenye yale matuta ya kuwanusuru kima punju wasigongwe. Akatazama nje, akasema, "Hata kima wamefanyiwa utaratibu."

Akacheka mwenyewe. Mimi sikuweza.

Basi nikaanza kutafuta. Neno lako kwamba gari Unguja huliwa na chumvi sikulisahau, nikamchukua fundi kila nilikokwenda. Ya kwanza ilikuwa Toyota Vitz nyeupe, inang'aa, ndani inanukia udi. Nikaipenda hapo hapo. Fundi hakuitazama rangi kabisa. Alifunua zulia la mbele, akatandika kipande cha boksi chini, akalala chali akajiingiza mpaka kiunoni. Nikasikia ko, ko, ko, anagonga kwa mpini wa bisibisi. Halafu mlio ukabadilika, ukawa kama mtu anayekanyaga majani makavu, akaigeuza ile bisibisi, na ncha yake ikachomoza ndani, pale pale ambapo ningeweka mguu wangu wa breki. Alipotoka nyusi zake zilikuwa na unga mwekundu. "Hii ilikuwa inalala ufukweni," akasema, akakung'uta boksi lake. Mwenye gari alikuwa ameshapata simu ya kupokea.

Ya pili sina haja ya kuieleza. Ya tatu ndiyo niliyoichukua: Vitz pia, ya mwaka 2004, injini ya cc 1000, buluu iliyopauka, mlango mmoja una kovu, lakini chini bati zima. Fedha ni za mchezo wa kazini, ule upatu wetu, nyongeza ni bangili mbili. Usiniulize zipi. Bima na rodi laisensi, ile leseni ya barabara, nimelipa. Kila Ijumaa naimwagia maji matamu chini, na fundi kaipaka oili chafu kwenye maungio.

Ulinionya pia kwamba gari ya mtu ni gari ya mtaa. Haijatimia wiki mbili, ami, nimeshabeba masufuria ya khitma, nimebeba bwana harusi na wapambe watano kwenye kigari ambacho watu wanne wanajazana, nimempeleka mzee wa nyumba ya tatu kufanya presha. Petroli kila mtu ananiambia Mungu atakulipa. Na atalipa, sina shaka, ila wa kituo cha mafuta hakubali kusubiri.

Lakini usiku wa Jumanne nimegongewa saa nane, binti wa jirani ana uchungu. Mwaka juzi kwa dada yake niligongewa vile vile, na nilichokuwa nacho cha kumpa mama yao kilikuwa mwavuli. Tulihangaika nyumba kwa nyumba mpaka karibu na alfajiri. Safari hii nilivaa kanga ya pili, nikachukua funguo. Amepata mtoto wa kike.

Kazini bado naenda na 502 siku nyingi, usidhani nimeringa. Mjini ukiegesha ndipo shughuli inapoanza, na vichochoro vya Mji Mkongwe hata baskeli yako ingevipita kwa adabu.

Jumamosi, inshallah, baada ya Adhuhuri, nakuja kumchukua mama kwa kliniki ya Jumatatu. Mwambie asiamke alfajiri kuwahi gari ya kwanza, maana najua ataamka tu. Nawe kama una nazi au mkungu wa kuleta mjini, zifunge mapema, buti ni dogo. Na ukitaka kuja mwenyewe, kiti cha mbele ni cha mama, wewe utakaa nyuma. Baskeli haiingii, lakini kamba ninazo.